Mkono wa Mutua na Zoezi Nililolifuta

Vijana wa timu ya kamba wameniomba niandike maneno mawili matatu ya kuweka katika chumba cha vifaa, kabla sijasahau. Mimi nisahau wapi? Nimestaafu miezi mitatu sasa, na kazi yangu ni kukaa barazani kwangu hapa Jomvu Kuu na kukumbuka. Mke wangu akiniona nimekaa bure hunituma dukani. Akiniona na kalamu, huniacha. Basi naandika.

Jina langu ni Athmani. Nilikuwa karani wa ghala katika kiwanda chetu cha Changamwe kwa miaka thelathini na mitatu, na katika hiyo, miaka ishirini na mitatu nilikuwa kepteni wa timu ya kuvuta kamba. Lini nilipanda cheo na mshahara ulikuwa kiasi gani, hayo yamo katika faili, na faili hilo sijaona likimfaa mtu. Nitaandika habari ya kamba. Najua wengi wenu mnatarajia hadithi za vikombe. Vikombe vipo kabatini, vifuteni vumbi.

Aliyenifundisha ni Mzee Chengo, mtu wa Rabai, fundi wa boila. Alikuwa mfupi, mpana, viganja vyake vigumu hata ukimpa mkono unahisi umeshika ubao. Siku yangu ya kwanza nilikwenda uwanjani nyuma ya ghala nimevaa buti mpya, nimejiandaa kuvuta mpaka nife. Kamba ilipitishwa kwenye kapi juu ya mlingoti wa chuma, na upande wa pili lilining'inia pipa lililojazwa zege. Wanane tulishika, tukarudi nyuma kwa visigino, pipa likapanda. Nikasubiri kusifiwa. Mzee Chengo akasema, "Achia!"

Pipa likashuka kwa kishindo. Akapita mbele yetu akiwataja waliochelewa kufungua mikono, na mimi nikiwamo. Tukapandisha tena, akasema achia tena. Jioni ile yote hatukufanya jingine. Nilimwona mzee huyu ana wazimu. Kwani mtu anajiunga na timu ya kuvuta kamba ili afundishwe kuiacha?

Baadaye alitueleza, naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Upande mmoja ukianguka, kamba haingoji mtu. Tukiachia sote wanane kwa pamoja, kamba inaondoka zake na kila mtu anarudi nyumbani mzima. Akibaki mmoja ameishika, uzito wa wanaume wanane wa upande wa pili uko juu yake peke yake. Ndiyo maana hatufungi fundo, wala hatuzungushi kamba mkononi, hata mara moja. Yule wa mwisho, tunayemwita nanga, huipitisha chini ya kwapa, mgongoni, ikatokea juu ya bega, na mkia wake ukalala chini huru. Na kepteni, anayesimama pembeni akipiga mwito, kazi yake ya kwanza si kupiga mwito. Kazi yake ya kwanza ni kuwatazama watu wake, na akiona mambo yameharibika, aseme achia na ainue mikono yote miwili refa apulize filimbi.

Hayo niliyajua kwa moyo kabla mwaka haujaisha. Yaandikeni ukutani.

Mashindano yangu ya kwanza nilisimama wa tano. Katikati ya mvuto wa pili kamba ilianza kunipita viganjani, ngozi ikaanza kuungua, na mimi nikafungua mikono. Hakuna aliyesema achia. Niliachia peke yangu. Wenzangu saba walikokotwa hatua kumi wakaangushwa matopeni. Mzee Chengo hakunigombeza. Alinitazama viganja, akavipaka mafuta ya nazi, akaniambia siku nyingine nikitaka kutoka niseme, tutoke sote.

Lakini wapakiaji wa ghala waliona. Wiki nzima kila nilipokwenda kuhesabu magunia, mmoja wao alikuwa akinikabidhi karatasi kwa mikono miwili na kuniuliza kama si nzito mno. Nilicheka nao. Wallahi nilicheka mpaka machozi, na kila nilipocheka nilikuwa naungua ndani. Nikajiapia kwamba hakuna mtu atakayeniona nikiachia kitu tena. Kiapo chenyewe sikumwambia mtu, hata mke wangu. Niliona ni msimamo. Niliona nimekuwa mwanamume.

Mzee Chengo alipostaafu nilipewa timu. Nilikuwa kepteni mkali, na nilijivunia ukali wangu. Aliyechelewa dakika moja alirudi kwao. Aliyenidanganya kuhusu alikokuwa, aliondoka asirudi, kwa sababu mimi uwongo siuwezi. Hilo mlilijua ninyi, wakalijua ofisini, wakalijua hata msikitini, ambako nilichaguliwa katika kamati kwa ajili ya hilohilo. Katika hesabu zangu za ghala halijapotea gunia moja kwa mkono wangu. Athmani akisema, imekwisha. Nilipenda sana kusikia maneno hayo.

Na lile zoezi la kuachia nililifuta. Sikulipunguza, nililifuta. Niliwaambia vijana kwamba timu yangu haiachii, na wao wakaligeuza likawa mwito wetu wa kuingilia uwanjani. Mzee Chengo alikuja kututembelea mara moja tu. Alisimama kwenye seng'enge akatutazama saa nzima, halafu akaniuliza tunafanya achia saa ngapi. Nikamwambia hatufanyi, tumekuja kushinda. Akaniuliza, "Athmani, unamwogopa nani?"

Nilikasirika, lakini ni mkubwa wangu, nikamwagizia soda. Aliinywa, akashukuru, akaenda zake. Hakuja tena, na mwaka uliofuata alifariki. Nilihudhuria maziko nikiwa bado nimemnunia.

Sasa Mutua. Wengi wenu hamkumkuta, mmesikia jina tu. Alikuwa Mkamba kutoka Kitui, dereva wa folklifti, ana mwili mkubwa na sauti ndogo. Alikuja pwani kijana akaoa, akapanga chumba Changamwe karibu na kiwanda. Kiswahili chake tulikicheka mwanzoni, naye alicheka pamoja nasi, ila yeye alicheka kweli. Mwezi wa Ramadhani tulipofanya mazoezi mepesi alasiri, alikuwa akienda ndani ya ghala kunywa maji yake tusimwone. Hakuna aliyemwomba. Nilimwuliza siku moja, akaniambia ni adabu tu, kepteni.

Nilimfanya nanga. Kwa miaka sita hatukuangushwa ovyo ovyo, kwa sababu mtu huyu alikaa chini kama jiwe la msingi. Na aliniamini. Nilikuwa nikimwambia songa kushoto, anasonga kabla sijamaliza neno. Kepteni anapopata mtu wa namna hiyo anapaswa kuogopa. Mimi nilifurahi.

Siku yenyewe ilikuwa fainali ya viwanda, miaka kumi na miwili iliyopita, uwanja palepale Changamwe. Mvuto wa kwanza tulishinda. Wa pili walishinda wao, na kabla ya wa tatu mvua ikaanza. Si mvua kubwa, manyunyu, lakini kamba ya katani ikilowa hutelezea mkononi. Pembeni walisimama wapakiaji wa ghala letu, wamekuja kushangilia. Wazee wachache kati yao walikuwa wa enzi zile. Nilimwona yule wa karatasi, nywele zimekuwa nyeupe. Alikuwa akinipungia mkono kwa furaha, maskini, hana habari na mimi. Mimi nilimwona yeye tu.

Timu ilipokuwa ikijipanga nilikwenda nyuma, nikainama karibu na Mutua, nikamwambia achukue ule mkia wa kamba auzungushe mara moja kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Refa alikuwa mbali, anafuta miwani yake. Makelele yalikuwa mengi, hakuna mwingine aliyenisikia. Mutua alinitazama, maji yanamtiririka usoni, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Kepteni, hii si sawa."

"Zungusha," nikamwambia. "Hatuachii leo."

Akazungusha.

Mtaniwia radhi, hapa nitakwenda haraka. Filimbi ililia, tukakaa vizuri kwa muda, halafu wale wakatupiga mvuto mmoja mzito. Wa nne wetu aliteleza, akawaangusha wa tatu na wa tano. Wengine mikono ikawateleza mmoja mmoja, huyu sasa, yule baadaye, kila mtu kivyake, kwa sababu hawakuwa wamefundishwa kuachia pamoja. Mwishowe Mutua alibaki peke yake, amelala kifudifudi, anakokotwa, mkono wa kushoto umenyooka mbele yake. Upande wa pili hawakujua. Walidhani wanashinda, na kweli walikuwa wanashinda.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilipaswa kuinua mikono. Nilichofanya ni kupiga kelele, "Shikilia, Mutua! Shikilia!"

Refa ndiye aliyeona mwenyewe akapuliza. Mutua hakulia. Alikuwa akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hospitali walijitahidi siku mbili, ya tatu wakaukata juu kidogo ya kifundo.

Kikao cha kuulizwa kilifanyika ofisini wiki tano baadaye. Walikaa watu watatu upande mmoja wa meza, mimi na Mutua upande wa pili. Alikuwa amekonda, mkono wa shati umefungwa kwa pini. Swali lilikuwa moja tu: nani alizungusha kamba, na kwa amri ya nani. Kila mtu mle chumbani alijua uzito wake. Kama alijizungushia mwenyewe, amevunja kanuni na kazi hana. Kama aliamriwa, basi aliyeamriwa anabaki, na aliyeamuru ndiye anayeondoka.

Walimwuliza yeye kwanza. Mutua akasema ile siku imemchanganyikia, dawa zilikuwa nyingi, hawezi kuapa. Anakumbuka mvua, anakumbuka kukokotwa. Kuna neno anadhani aliambiwa, lakini huenda ni ndoto za hospitali. Kisha akanigeukia. "Muulizeni kepteni," akasema. "Kepteni ni mtu wa kweli. Atakavyosema, ndivyo ilivyokuwa."

Hakusema kwa kunitega. Laiti angalikuwa ananitega. Alisema kwa sababu aliamini, na alitaka kujua.

Wakaniuliza. Nikasema, "Kanuni za timu yetu zinakataza mtu kuzungusha kamba mkononi. Mutua alizijua, nami mwenyewe nilimfundisha."

Mmeona? Hakuna uwongo hapo. Kila neno ni kweli, nimeyapanga tu kama magunia, kweli juu ya kweli, mpaka yakaziba mlango. Afisa akaandika, akauliza kama kuna la kuongeza, nikasema hakuna. Mutua aliinamisha kichwa, akasema taratibu kwamba basi ni ujinga wake. Kabla mwezi haujaisha alikuwa nje ya geti.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kwa nini. Nilikuwa na watoto shuleni, kweli, lakini si hilo. Nilidhani thamani yangu kubwa ni ukweli, na kumbe nilipenda kuitwa mkweli, ambalo ni jambo jingine kabisa. Nilidhani nina msimamo, na kumbe nilikuwa nakimbia kicheko cha wapakiaji wanne wa magunia. Mzee Chengo aliliona hilo akiwa kwenye seng'enge kwa saa moja. Mimi nililala nalo miaka yote nisilione, na wenye kulipia wakawa wengine. Kijana anayepewa timu ajiulize mapema anamwogopa nani, maana huyo anayemwogopa ndiye atakayeiongoza ile timu, si yeye.

Nikaendelea kuwa kepteni. Ndiyo, niliendelea, na hakuna aliyeshangaa. Tena nikawa nawasimulia wageni kisa cha mtu aliyepuuza kanuni akapoteza mkono. Nilisimulia vizuri, kwa huzuni, na timu ikapata usemi wake. Mtu akishika kamba vibaya, akijifunga ovyo, anaambiwa, "Usifanye Mutua." Ninyi mnausema mpaka leo. Sikuuanzisha mimi, ila nilikuwapo ulipoanza, nikanyamaza.

Siku mliyoniaga mlinipikia biriani, Mungu awabariki. Nanga wetu wa sasa alisimama akatoa hotuba, akasema Mzee Athmani ametulea, ametufundisha kazi, na zaidi ya yote ametufundisha tusifanye Mutua. Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, kile kicheko changu cha zamani. Biriani ikanishinda kumeza. Mke wangu alidhani ni presha.

Wiki ya pili yake nilivuka kivuko nikaenda Likoni. Nilikuwa nimesikia kwamba Mutua alihamia Shika Adabu, analinda geti la kanisa mchana. Nilimkuta nyumbani, amefuga kuku. Mvi zimemjaa. Aliponiona alisimama haraka, akaniamkia shikamoo kwa furaha ambayo sikustahili, akamwita mkewe, Mama Ndinda, alete chai. Akanivutia kiti kwa mkono wake mmoja na kukipangusa kwa kigutu.

Tulizungumza habari za kiwanda, nani amekufa, nani amerudi kwao. Halafu yeye mwenyewe akaanza. Akaniambia nisiwe nalo moyoni lile jambo, maana aliona uso wangu umekunjamana. Alishajisamehe. Alikuwa na tamaa ya kushinda, akavunja kanuni ya kepteni wake, na Mungu akamfunza. Kanisani humsimamisha mbele ya vijana awatolee ushuhuda wa kiburi chake mwenyewe. Miaka kumi na miwili mtu huyu alikuwa akitubu dhambi yangu mbele za watu.

Chai ilikuwa mkononi. Niliiweka chini. Nilimwambia, "Mutua, hukujizungushia. Mimi ndiye niliyekwambia."

 Kuku mmoja aliingia ndani, akatoka. Kisha akasema, "Rudia."

Nikarudia. Akageuka akamwita mkewe kutoka jikoni, "Mama Ndinda, njoo usikie." Alipokuja, akaniashiria kwa kidevu niseme tena. Mara hii ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu yule mama alikuwa amesimama na kikombe cha sukari anataka kuniongezea.

Nilisema yote. Mvua, mkia wa kamba, neno nililomwambia, kelele niliyopiga, kikao, na jinsi nilivyojibu. Mama Ndinda aliketi chini kwenye mkeka. Aliniuliza kama nililijua hilo siku ileile ya kikao. Nikasema nililijua.

"Ukaenda nyumbani ukala, ukalala?"

"Nikala, mama. Nikalala."

Akatazama chini. Akasema, na alikuwa akimwambia mumewe wala si mimi, kwamba siku unga ulipokwisha alimwita mjinga, siku watoto waliporudishwa kutoka shule alimwita mjinga, alimfunga vifungo vya shati kila asubuhi na moyoni anasema mkono huu ameutupa mwenyewe. Hakulia. Aliyasema kama mtu anayehesabu nguo zilizoibwa. Mutua alinyoosha mkono akamgusa bega, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Na mimi nilisema nini uliponiambia?" akaniuliza.

"Ulisema, kepteni, hii si sawa."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema hivyo."

 Uso wake ulikuwa unahangaika, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni ambacho alikwisha kukata tamaa nacho. "Nilisema hivyo," akasema tena, taratibu, na mara hii hakuwa akiuliza.

Nilimwomba msamaha. Sikuwa nimepanga maneno, niliomba tu. Hakunipa. Hakunitukana pia, na ningependa angenitukana. Aliniambia mkono hauwezi kurudi na kazi haiwezi kurudi, hayo ameyazoea. Lakini mwaka juzi pale kivukoni kijana aliyevaa jezi ya kiwanda alimtazama mkono, akamwuliza kama yeye ndiye yule Mutua wa usifanye Mutua. Mwanawe Ndinda alikuwa pamoja naye. "Hilo, kepteni," akasema. "Hilo uliondoe. Wewe ndiye unayeaminiwa kule."

Niliinuka. Kwetu pwani mgeni husindikizwa angalau mpaka njiani, na miaka yote Mutua alikuwa akitusindikiza mpaka kituoni kuliko hata wenyeji. Siku ile hakuna aliyeinuka. Nikatoka peke yangu.

Barua nimeipeleka ofisi ya wafanyakazi. Afisa wa sasa ni binti mdogo, aliisoma mara mbili, akaniambia faili lilifungwa zamani na waliokaa mezani wote wameondoka. Nikamwomba aigonge muhuri na aitie ndani ya faili hata hivyo. Ameigonga. Msikitini nako nimekwisha kuwaambia, na katika kamati simo tena. Sioni kama hayo yamempunguzia Mutua chochote.

Sasa ninyi. Rudisheni zoezi la kuachia, kila jioni, kabla ya kuvuta na baada ya kuvuta. Msiliogope hata wakiwacheka. Anayekuja kuwa kepteni asimame mahali ambapo anaiona mikono ya watu wake, si mahali ambapo watu wanamwona yeye.

Na ule usemi muufute leo. Benedikto Mutua wa Kitui, nanga wa timu hii kwa miaka sita, aliijua kanuni, akaisema mbele ya kepteni wake mvua ikinyesha, na akaamriwa aivunje. Najua mtahitaji neno la kumwonya kijana atakayezungusha kamba mkononi, maana atatokea tu. Mwambieni, usifanye Athmani.